Kagueni kamera zetu, msizifungie stoo: barua ya wazi kwa wanaosimamia michezo ya shule

Kwa wakuu wa shule, kamati za michezo na wasimamizi wa viwanja

Waheshimiwa,

Ninaandika nikiwa mwalimu mlezi wa kikundi cha wanafunzi wanaotengeneza kamera za kuongozwa kwa rimoti, kwa ajili ya kupiga picha za michezo. Wako 11, wasichana na wavulana, mdogo wao ana miaka 13. Muhula mzima sasa kazi yao imelala kwenye stoo ya vifaa vya michezo, kati ya nyavu zilizochanika na magodoro ya kurukia, na ufunguo hatuna. Wiki iliyopita niliruhusiwa kuingia kuchukua chaja. Nilikuta kigari cha kamera kimepinduliwa, gurudumu moja limelaliwa na nguzo ya goli, na kwenye kona ya sanduku bado ipo karatasi waliyoibandika wenyewe, yenye mwandiko wa kalamu nene: "Usiguse kabla hujauliza betri iko wapi." Barua mbili nilizowaandikia kwa njia ya kawaida hazikujibiwa. Ndiyo maana hii ya tatu naiandika hadharani.

Nianze na kosa letu, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa na sipendi mlisikie kwa mtu mwingine.

Siku ya mashindano ya riadha tulifunga kamba ya mita 60 kati ya nguzo mbili, nje ya njia ya mwisho, sambamba na eneo la kupokezana vijiti. Kamera, pamoja na mota zake na betri, ilikuwa na uzito wa kilo 2. Kazi yake ilikuwa kuteleza juu ya kamba ikiwafuata wakimbiaji. Mara nne ilikwenda vizuri mno. Mara ya tano fundo la upande mmoja likateleza, kamba ikalegea, kamera ikashuka hadi nyasini, hatua sita kutoka aliposimama mwamuzi wa vijiti. Hakuguswa mtu. Mashindano yalisimama kwa dakika kumi. Nilimfuata mwamuzi yule nikamwomba radhi pale pale, na wanafunzi wakaja nyuma yangu mmoja mmoja wakamwomba radhi pia, hata wale ambao siku hiyo kazi yao ilikuwa kushika miavuli tu. Jioni ile ile agizo likatoka: vifaa vyote vya kuongozwa kwa rimoti marufuku uwanjani, hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Kusimamishwa sikulalamikia, na leo silalamikii. Mwamuzi aliyeona kamera inaanguka karibu naye ana haki ya kusema basi. Kinachoniuma ni kwamba tangu siku ile hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuliona lile fundo.

Sisi tuliliona. Jumatatu yake wanafunzi walileta kamba darasani, tukaifunga vile vile ilivyokuwa, tukaanza kuihesabu. Binti mmoja wa miaka 15 akachora ubaoni nguzo huku, nguzo huku, na kamera katikati. Akatuonyesha kwamba kamera ya kilo 2 katikati ya kamba ya mita 60, kamba ikiachwa ilegee mita 1.5, inavuta kila nguzo sawa na mzigo wa kilo 20. Sisi hatukuiacha ilegee. Tulitaka picha isiyopanda wala kushuka, kwa hiyo tuliikaza hadi ikabaki na mlegeo wa sentimita 30 tu, na hapo mvuto ukafika kilo 100. Mara tano zaidi, kwa ajili ya picha iliyonyooka. Kisha akafanya hesabu ya pili, na darasa zima likanyamaza. Kamba iliyokazwa namna ile, fundo likiteleza sentimita 30, kamera haishuki sentimita 30. Inashuka zaidi ya mita mbili na nusu. Ndiyo maana ilifika nyasini wakati fundo lenyewe lilionekana bado limefungwa.

Nimefundisha fizikia miaka mingi. Sijawahi kuona somo la nguvu na mvutano likiingia kwenye mifupa ya watoto kama asubuhi ile. Hawakuwa wanatafuta alama. Walikuwa wanatafuta kujua walichokaribia kumfanyia mtu.

Marekebisho waliyoyafanya yapo, yameandikwa na kujaribiwa. Kamba sasa inaachwa ilegee, nguzo zimeongezwa urefu na kufungwa waya za kuzishikilia kwa nyuma, na kazi ya kuinyoosha picha imehamishiwa kwenye mota za kichwa cha kamera. Mafundo yameondolewa kabisa, kwa sababu kamba laini ya kisasa huteleza kwenye fundo ambalo kamba ya katani ingeling'ang'ania, na tena fundo lenyewe hupunguza nguvu ya kamba. Badala yake kuna vitanzi vilivyosukwa kuzunguka pete ya chuma. Juu ya hayo ipo kamba ya pili, haibebi kitu, inasubiri tu ya kwanza ikatike. Waliining'inizia mfuko wa mchanga wa kilo 10 pale panapokaa kamera ya kilo 2, wakauacha usiku kucha, wakaja alfajiri na rula kupima. Vitanzi havikuwa vimesogea. Hayo yote yamefanyika kwa ajili ya kifaa ambacho hakiruhusiwi kutoka stoo.

Naomba sasa nieleze kazi hii ni nini hasa, maana nimesikia kikaoni ikiitwa kuchezea kamera.

Chukueni mkimbiaji anayekwenda mita 10 kwa sekunde, anayepita umbali wa mita 10 mbele ya kamera iliyosimama. Pale anapokuwa mbele yake kabisa, kamera inatakiwa igeuke kwa kasi ya nyuzi 57 kwa sekunde. Sekunde moja kabla ya hapo, alipokuwa bado anakuja, kasi iliyohitajika ilikuwa nusu ya hiyo, na sekunde moja baadaye inarudi kuwa nusu. Isogezeni kamera iwe mita 5 kutoka kwenye njia, na ile 57 inakuwa zaidi ya 114. Kwa hiyo mota haitoshi iwe na kasi. Inabidi iongeze na ipunguze mwendo bila kushtuka, kwa sababu kila mshtuko wa mota unaonekana kwenye picha kama tetemeko. Mota ndogo za vitu vya kuchezea watoto tulizoanza nazo zilikuwa zinafika kwa wakati lakini zinafika kwa kuruka. Miezi miwili ilikwenda hapo. Walibadilisha mota, wakabadilisha beringi, wakaandika upya programu kwenye Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayoziamuru mota, kifaa kilichoanzia Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi ambao si wahandisi, na ambacho mpaka leo ndicho kinachowafungulia wengi mlango wa fani hii.

Halafu kuna kuchelewa kwa picha. Anayeongoza kamera hamwoni mkimbiaji kwa macho yake. Anaiona picha yake kwenye skrini, nayo inafika ikiwa imechelewa. Ikichelewa sekunde 0.2 tu, mkimbiaji yule keshasonga mita 2. Ukiifuata picha unayoiona, unapiga picha ya mgongo wa mtu, au ya njia tupu. Dawa ni kumtangulia. Inabidi ujue atakapokuwa, si alipo, na hilo halifundishwi na programu yoyote. Anayeongoza vizuri kuliko wote kikundini kwetu ni kipa wa akiba wa timu ya wasichana. Misimu miwili amekaa benchi akiusoma mchezo, na kumbe alikuwa anajifunza kazi hii bila kujua. Mkono wake unaanza kugeuza kamera kabla pasi haijapigwa. Niliwahi kumuuliza anajuaje, akanieleza kwamba anayemtazama si mwenye mpira, ni yule anayeunyemelea. Wakati anaongoza, mdomo wake huwa unatembea bila sauti, anahesabu. Nimesimama nyuma yake mara nyingi, na kila mara nimejikuta nashusha pumzi pamoja naye mchezo unaposimama.

Na mawimbi ya redio ya rimoti, jamani. Jaribio la kwanza lilifanyika uwanja ukiwa mtupu, kila kitu kikaenda kama maji. Siku ya mechi, watazamaji wakajaa, rimoti ikaanza kukwama. Ilichukua muda kugundua kwamba masafa ya gigahezi 2.4 tunayotumia ndiyo hayo hayo yanayotumiwa na Wi-Fi na vifaa vingine vingi, na tena mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji mengi, unayameza. Umati ni ukuta. Wakaipandisha antena juu ya vichwa vya watu, wakaandika kanuni ambayo kwangu ni ya thamani kuliko kamera yenyewe: mawasiliano yakikatika kwa nusu sekunde, breki inajifunga na kamera inabaki pale ilipo bila kungoja amri ya mtu. Siku ya ajali breki hiyo ilifanya kazi yake. Kilichoachia kilikuwa fundo.

Najua wapo wanaosema mambo haya yaachiwe wataalamu. Basi tuwatazame wataalamu. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera inayobebwa na mtu, ndiye aliyeleta Skycam, kamera inayoning'inia kwa kamba nne kutoka pembe nne za uwanja, winchi nne zikiongozwa na kompyuta. Ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kubebwa mikononi, mwaka 1984. Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 alikuwa na kamera iliyokimbia chini ya maji ikiwafuata waogeleaji, na Atlanta mwaka 1996 nyingine iliyoporomoka ndani ya mrija sambamba na mtu anayejirusha kutoka juu hadi akaingia majini. Leo mtazamaji wa mpira anaona picha ya kutoka juu ya uwanja na hashangai tena. Kila moja ya picha hizo ilianza kwa mtu kufunga kamera mahali ambapo hakuna aliyewahi kuifunga, na kuwakuta wasimamizi waliokubali kusikiliza.

Na za wataalamu nazo zimeanguka. Desemba 2011, kwenye mechi ya vyuo Marekani kati ya Iowa na Oklahoma, kamera ya kamba ilidondoka uwanjani na kumkosa mchezaji kwa kidogo sana. Mei 2013, kwenye mbio za magari za Charlotte, huko huko Marekani, kamba ya kamera ilikatika, watazamaji 10 wakaumia na mbio zikasimamishwa. Agosti 2016, wakati wa Olimpiki ya Rio, kamera ya juu ilianguka ndani ya eneo la Olimpiki na kujeruhi watu saba. Hao walikuwa na vifaa na watu ambao sisi hatutakuwa nao kamwe. Sizitaji ajali hizi ili yetu ionekane ndogo. Nazitaja kwa sababu baada ya hayo yote kamera za kamba bado zipo viwanjani, na zipo kwa kuwa waliozisimamia walikwenda kutazama kamba, wakauliza ilikatikaje, wakaamua nini kisirudiwe. Agizo letu sisi halikuuliza swali lolote.

Kwenye droni nipo upande wenu, tena kabisa. Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio nchini Italia, droni ya kupiga picha ilianguka nyuma tu ya Marcel Hirscher akiwa katikati ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Sekunde moja mapema ingemwangukia. Shirikisho la mchezo huo likapiga marufuku droni za kamera kwenye mashindano yake, na mimi naona walifanya sawa. Kitu kinachoruka kikikosa nguvu hakina pa kushikilia. Wanafunzi wangu waliponiomba watengeneze droni nilikataa, na nitaendelea kukataa maadamu chini yake wanakimbia watoto. Lakini agizo lenu limeweka kapu moja droni, kamera ya kamba, kigari cha reli kinachotembea chini kabisa pembeni mwa uwanja, na hata kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu ambayo inachofanya ni kugeuza shingo. Hii ya mwisho haiwezi kumwangukia mtu yeyote isipokuwa aipige teke. Nayo imo stoo.

Nimesikia pia kwamba mnafikiria kununua kamera ya kujiongoza yenyewe, ile inayofungwa juu ya nguzo na kuufuata mpira kwa akili ya kompyuta, ili msihitaji wanafunzi kabisa. Kwa kocha anayetaka mechi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kifaa hicho kinafaa, na sitakipinga. Ila mjue kinachofanya. Oktoba 2020, timu ya Inverness Caledonian Thistle ya Scotland ilirusha mechi kwa kamera ya namna hiyo, na mara kwa mara kamera ikauacha mpira ikafuata upara wa mwamuzi msaidizi, kwa sababu ulifanana na mpira. Mashabiki waliokuwa nyumbani wakawa wanatazama kichwa cha mtu wakati mchezo unaendelea kwingine. Mashine hizo zimeboreshwa na zitaendelea kuboreshwa. Hata siku ikiwa haikosei, itafuata mpira tu, kwa sababu ndicho ilichoambiwa.

Kipa wetu wa akiba hafuati mpira tu. Mechi ya mwisho tuliyoruhusiwa, beki wa kushoto alianguka mbali na mpira, akabaki chini. Refa hakumwona, benchi halikumwona. Wote macho yao yalikuwa goli la pili. Binti yule aligeuza kamera, akamkuta kwenye skrini amejishika goti, akapiga kelele, "Mtu kaumia!" Mhudumu wa huduma ya kwanza akatoka mbio. Nani ataiambia kompyuta kwamba wakati ule mpira haukuwa na maana?

Halafu kuna michezo ambayo hakuna atakayeifungia kamera ya gharama juu ya nguzo. Fainali ya mpira wa miguu ya wavulana itapata picha kwa njia yoyote ile. Netiboli ya wasichana, kuruka juu, kurusha mkuki, voliboli ya asubuhi wakati majukwaa ni matupu, nani anaipiga picha? Kikundi hiki kilikuwa kinaipiga. Mrukaji mmoja wa kuruka juu alikuwa akigusa mwamba kwa kisigino kila mara bila kujua kwa nini. Walimwekea kamera ndogo usawa wa mwamba, wakampunguzia mwendo wa picha, akajiona anainua kichwa mapema mno. Alikaa mbele ya skrini ile akiirudia na kuirudia, kidole kikiwa juu ya kitufe, hadi kengele ikalia na ikabidi nimwondoe. Kocha wake alikuwa amemwambia jambo hilo hilo mara nyingi. Siku ile ndiyo kwanza aliliona.

Kuna jambo moja ambalo hamkulitaja kwenye agizo lenu, na kwa maoni yangu lilistahili kutajwa kabla ya kamba na betri. Tunapiga picha za watoto. Kamera inayosogea karibu inaona machozi, inaona jezi iliyopanda, inaona mtoto akigombezwa na kocha. Mwanzoni hatukuwa na utaratibu wowote, na hilo ni kosa langu mimi, si la wanafunzi. Mvulana mmoja alikosa penalti, kamera ikabaki usoni kwake kwa sekunde nyingi kuliko ilivyostahili, na kesho yake akaja kikundini akiwa ameinamisha kichwa, akaomba kipande kile kifutwe. Walikifuta mbele yake, wakamwonyesha kwamba kimefutika, kisha wakakaa kwenye meza ile ile kuandika kanuni. Mzazi anasaini kabla ya msimu. Mchezaji akisema asipigwe karibu, hapigwi karibu, na haulizwi sababu. Aliyeumia hupigwa kwa mbali tu hadi asimame. Picha hazitoki nje ya shule bila mwalimu kuzitazama zote. Kanuni hizo zimejaa ukurasa mmoja, zimeandikwa na watoto, na ningependa mzisome hata kama mengine yote mtayakataa.

Sasa ninachowaomba.

Naomba mkaguzi. Mtu mzima mmoja, awe fundi, mwalimu wa kazi za mikono, mhandisi aliyestaafu, yeyote anayejua kutazama kamba na kitanzi, aje dakika 45 kabla ya mashindano, akague, asaini au akatae. Akikataa, tunafungasha bila neno. Utaratibu huu si mgeni. Kwenye mashindano ya roboti ya FIRST, shirika lililoanzishwa na mvumbuzi wa Marekani Dean Kamen mwaka 1989, roboti ya wanafunzi haiingii kushindana kabla haijakaguliwa, na watoto wamezoea: wanasimama kando ya kazi yao, wanaulizwa, wanajibu. Kukaguliwa kunawafundisha watoto kuheshimu hatari. Kufungiwa kunawafundisha kwamba ukikosea unyamaze, ufiche, usiseme. Hawa hawakuficha. Walipeleka taarifa ya ajali kurasa nne, na michoro, ofisini, kwa mikono yao.

Naomba mtu mmoja uwanjani mwenye mamlaka ya kusema simama, na neno lake liwe la mwisho. Naomba tupewe eneo letu, lichorwe kwa chokaa, ambalo mchezaji wala mtazamaji haingii, na ambalo juu ya mtu hapiti kamba. Kwa ile ya kamba niko tayari kungoja muhula mwingine, tukaijaribu uwanja ukiwa mtupu mbele yenu, mara ishirini mkitaka. Lakini kigari cha reli na kamera ya miguu mitatu, sioni sababu ya kuvingojesha hata wiki moja.

Betri nazo naomba zisikae stoo. Hizi za lithiamu hazipendi kuachwa zimejaa kwa miezi, wala kuachwa zishuke hadi chini kabisa, na iliyovimba inaweza kuwaka. Wanafunzi walikuwa wanazipima kila Ijumaa na kuzihifadhi kwenye sanduku la chuma lenye mchanga. Tangu ufunguo ulipochukuliwa hakuna anayezipima. Mkitufungulia kwa hilo tu, hata kabla hamjaamua lolote jingine, mtakuwa mmetuondolea hofu inayoniamsha usiku.

Wawili kati ya 11 wanamaliza shule mwaka huu. Mmoja wao ndiye yule wa hesabu ya kamba. Ameniuliza mara mbili kama ataiona kamera yake ikitembea uwanjani kabla hajaondoka, na mara zote mbili nimemjibu sijui.

Mashindano yajayo ya riadha yamepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Mkiturudishia ufunguo, kuanzia saa moja asubuhi siku hiyo tutakuwa kwenye lango la uwanja, na meza mbili. Juu ya ya kwanza kutakuwa na kila kamba, kila kitanzi, kila betri na kila skrubu, vimefunguliwa na kupangwa. Juu ya ya pili kutakuwa na daftari la majaribio, taarifa ya ajali na ukurasa ule wa kanuni. Fundo la zamani tumelihifadhi pia, limefungwa vile vile kwenye kipande cha kamba. Nalo litakuwepo mezani, mlishike, mlivute wenyewe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mlezi wa kikundi cha kamera